Mama Kati ya Dar na Mtwara

Nilipohamishiwa Mtwara kikazi, nilifurahi kupita kiasi. Kwa kodi niliyokuwa nikilipia chumba na sebule Dar, huku nilipata nyumba nzima pale Mtawanya, yenye uwanja na mikorosho ya jirani kando ya dirisha. Nikajiona nimeula. Wiki haikuisha nikaenda sokoni, nikapigwa na butwaa. Nyanya bei juu kuliko Dar! Muuzaji akasema zinatoka mbali kwa lori, nyingine zinaozea njiani.

"Muhogo ndio wetu, dada. Nyanya ni wageni kama wewe."

Sikucheka. Umeme nao ukawa wa kubahatisha, na daktari wa mama alibaki Dar. Nikaandika barua ya kuomba kurudi.

Akili yangu yote ilikuwa kwa mama. Kumbukumbu zilikuwa zimemtoka. Dar nilimwekea dada wa kazi na geti la chuma lenye kufuli, maana akitoka tu, amepotea. Mwaka wa mwisho kule hakuwa akisema neno. Alikaa kitini akiangalia geti. Na mimi nilijisifu kwa watu kwamba mama yangu hakosi kitu. Nikikumbuka naona aibu.

Huku nilikuja naye pamoja na dada wa kazi, lakini hakukuwa na geti. Siku moja nilirudi kutoka kazini mapema, barua ya kukubaliwa uhamisho ikiwa mkobani. Dada wa kazi aliponiona akaanza kulia. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Sikumsubiri aeleze, nilitoka mbio.

Nyumba ya tatu nikasikia sauti ya mama. Alikuwa amekaa mkekani na mwenye nyumba, mama mtu mzima, wanamenya muhogo, na mama yangu anaongea Kimakonde bila kituo. Nilijua alizaliwa Kitaya, huku huku Mtwara, lakini lugha hiyo hakuwahi kunifundisha hata salamu.

"Karibu, mwanangu," jirani akasema. "Huja kila siku ukishaenda kazini. Siku ya kwanza nilimkuta kwenye mikorosho yangu anakula mabibo, korosho anazinyofoa na kuziacha chini ya mti. Kwetu bibo ni la mpita njia, korosho ni ya mwenye mti. Nikajua huyu ni mtu wa kwetu. Mgeni angeondoka nazo."

Mama aliniangalia, akanikaribisha kwa adabu, kama mtu asiyenijua. Kisha akamshika jirani mkono, akamnong'oneza kwa Kimakonde. Jirani akainamisha uso.

"Anasemaje?"

"Usimshike maneno, mwanangu. Ni ugonjwa tu."

"Niambie, mama."

"Anasema ana binti yake Dar, humfungia ndani. Akija kumuulizia, anaomba tuseme hatujamwona."

Nilitaka kubisha, kumtajia daktari, kufuli, majambazi, kila kitu. Mama alikuwa bado ananitazama, anasubiri jibu. Nikaketi mkekani, nikamwambia kwamba huyo binti akija, hata mimi sitasema.