Ng'ombe Waliorudi Saa Nne

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Lekishon huvaa kifaa chake cha kusikia, huenda zizini na kuitikisa kengele iliyo shingoni mwa ng'ombe wake mkubwa. Akiisikia, anajua betri ni nzima.

"Ukimaliza kumsalimia bi mkubwa," mkewe Nanyokie humwambia, "chai ya bi mdogo inapoa."

Kifaa alikipata mjini Karatu, baada ya ng'ombe wawili kumpotea kwenye ukungu wa milima ya Nainokanoka kwa sababu hakusikia kengele. Mwanawe Moringe alikuwa ameshatoa sharti: kifaa kikishindwa, mzee akae nyumbani, yeye achunge.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu. Saa nne asubuhi ng'ombe walikuwa wamesharudi, matumbo matupu, mzee nyuma yao akimtukana kila mmoja kwa jina lake.

"Wamelogwa," alisema.

"Wamekuchoka, Baba. Kesho fimbo nachukua mimi."

"Kesho uje utazame. Halafu ndiyo useme."

Moringe akaenda. Ukungu ulikuwa mzito, na kwa baridi ile mzee akajifunika shuka kichwani, masikio na yote. Mara kifaa kikaanza kulia: mluzi mwembamba, mrefu, kama ule ambao Lekishon amewapigia ng'ombe miaka yote kuwaambia warudi nyumbani. Wakainua vichwa, wakageuka.

"Baba! Unawaita mwenyewe!"

"Nani kaita? Mimi nimefunga mdomo!"

"Sikio lako linapiga mluzi!"

"Mbona silisikii?"

Moringe alicheka mpaka akakaa kwenye umande.

Wakashuka Karatu. Eva, mtaalamu wa masikio, alieleza kwamba sauti ikizibwa na nguo hukirudia kifaa na kukifanya kilie, na kwamba sauti nyembamba kama hizo ndizo ambazo mzee hazisikii tena. Akampimia kipande kipya cha kuingia sikioni, kinachobana vizuri, na akamkataza kufunika masikio kwa shuka.

Siku alipokivaa malishoni, ng'ombe walirudi jioni, wameshiba, hakupungua hata mmoja. Moringe mwenyewe aliwafungulia zizi.

Nilipowatembelea, nilimuuliza mzee kwa nini, kwa umri wake, asimwachie tu kijana kazi hiyo.

"Masikio ndiyo yalikuwa mabovu," alisema. "Miguu ni mizima."