Vijani Vitatu katika Bahasha ya Mwaka Jana

Mwanawe Gogo alipiga simu kutoka Cape Town asubuhi, nikiwa naosha vikombe. Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa pili. Alisema mama yake mdogo wa Ayalandi amefariki usingizini, jirani ndiye aliyemkuta, ameshazikwa, na mama yake mzazi asiambiwe. Moyo wake ni dhaifu, daktari ameshaonya. Akiulizia barua, nimwambie imechelewa. Kisha akangoja niseme neno. Nikasema sawa, nikamalizia vikombe.

Huyo mama yake ndiye niliyekuwa namtunza. Alikuwa Muairishi wa miaka themanini na sita, macho yake yamebakiwa na mwanga na vivuli tu, akiishi katika nyumba ya matofali mekundu pale Malvern, mtaa wa pili kutoka Jules Street. Wazungu wenzake walikuwa wamehama karibu wote. Yeye alisema alishahama mara moja maishani, akiwa msichana, na ile moja inamtosha. Mimi nililala chumba cha nyuma, na siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumapili. Nilimwita Gogo, kama bibi wanavyoitwa huku. Yeye aliniita binti yangu akiwa na raha, na wewe msichana akiwa na njaa.

Kumficha mtu kifo si kazi ngumu. Unasema anaendelea vizuri, basi. Tatizo la kifo hiki ni kwamba kilikuwa na tarehe mbele yake. Kila siku ya kumi na saba ya mwezi wa tatu Waairishi wana sikukuu ya mtakatifu wao, na kila mwaka, siku chache kabla yake, mdogo wake Gogo alimtumia bahasha. Ndani mlikuwa na kishina cha shamroki, mmea mdogo wenye vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, kilichong'olewa nyuma ya nyumba waliyozaliwa na kufungwa kwenye karatasi laini yenye maji. Kilifika kimenyauka kama mchicha wa jana. Hakujali. Alitaka nikibandike kwa pini kifuani pake, nimsomee barua iliyokuja nacho, na jioni alikitia katika glasi yake ya wiski, akanywa, akakitoa kwa midomo na kukitafuna. Alisema wengine kwao hukitupa nyuma ya bega la kushoto, lakini baba yake alikuwa akikitafuna. Ndugu hao hawakupigiana simu, kwa sababu mdogo mtu alikuwa kiziwi. Bahasha ile ndiyo ilikuwa simu yao.

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni dawa ya bahati. Kwenye taa za barabarani za Jules Street, robot wanavyoziita huku, pana duka la kubeti lililochorwa jani la namna hiyo kioo kizima, na wanaume hulipapasa kabla ya kuingia. Nilipomsimulia Gogo alicheka mpaka nikamshika mgongo. Lile la dukani lina vijani vinne, alisema. La vinne ni ajali ya shambani, ukiliokota umebahatika, na dunia nzima imelichanganya na la kwao. La vitatu halina bahati yoyote, limejaa kila mahali kama magugu; mtakatifu wao aliliinamia akaling'oa tu, akawafundishia watu Mungu mmoja katika nafsi tatu. Nikamwambia, Gogo, sisi Waislamu hatuna hesabu hiyo. Akasema basi wewe hesabu kikonyo. Na kuhusu hiyo inayoitwa bahati ya Waairishi, alisema watu ambao viazi viliwaozea wakafa njaa, na waliobaki wakapanda meli, anayewaita wenye bahati hajawahi kukaa nao akawauliza.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo nitaonekana mtu mbaya tu. Mama yangu alifariki Tanga mwezi wa kumi na moja, miezi minne kabla ya sikukuu hiyo. Mimi nilijua siku ya kumi na moja baada ya kifo. Kwetu mtu aliye mbali na peke yake hapewi msiba kwenye simu. Kwanza huambiwa mgonjwa hajambo kidogo, halafu huambiwa njoo, na ukweli anaukuta mlangoni akiona viatu vingi nje. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zinangoja kuongezwa muda. Ningetoka nisingerudi, na nyumbani walilijua hilo. Kwa hiyo hata njoo sikuambiwa. Kaka alisema mama anaendelea vizuri, amelala. Siku ya nne nikang'ang'ania kumsikia, akanitumia ujumbe wa sauti ya mama: “Mwanangu, nimekula, nimeshiba, usihangaike.” Juu ya ujumbe palikuwa na ile alama ya kuonyesha kwamba ni wa zamani, umepitishwa tena. Sikuitazama. Nilimjibu marehemu, nikamwambia ale na matunda.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Rosettenville, ambako watu wa Tanga na Dar hukutana nyuma ya duka la mama mmoja anayepika pilau. Alinipakulia, akanishika mkono, akasema pole dada, mama alikuwa mtu wa watu, nasikia mazishi yalijaa. Alidhani najua. Nikasema ahsante, nimeshapoa, kama tunavyojibu hata mtu akijikwaa. Nikala sahani yote. Haikuwa na chumvi wala bizari, nikadhani siku hiyo amekosea mapishi. Tangu hapo hakuna kilichokuwa na ladha. Chai, pilipili, dawa ya meno, vyote vilikuwa maji ya uvuguvugu. Sikulia. Kaka alipiga kuomba radhi, nikamwambia yameisha. Gogo sikumwambia lolote. Nilirudi jioni nikamwogesha kama kawaida.

Kwa hiyo mwanawe alipotaka tumfiche mama yake, mimi ndiye niliyepaswa kukataa. Nilijua hivyo palepale, na sponji mkononi. Kulijua hakukunisukuma popote.

Gogo alianza kuuliza mwezi wa tatu ulipoingia. Imefika? Bado, Gogo. Asubuhi aliniuliza kabla ya salamu, mchana aliniuliza kijiko cha supu kikiwa njiani. Tarehe kumi na tano aligoma kula. Alisema mdogo wake hajawahi kukosa, hata mwaka aliovunjika nyonga alimtuma jirani aende akang'oe. Kama haijafika basi kuna jambo, na kama kuna jambo yeye si mtoto, anataka aambiwe. Alisema hivyo uso wake umenielekea sawasawa. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika. Nikasema labda kesho.

Nilichofanya baadaye sikukifanya kwa huruma. Nimewahi kuwasimulia watu wawili watatu nusu ya habari hii, wakanisifu moyo mwema, nami nikawaacha waamini. Ukweli ni kwamba nilitaka lile swali likome.

Nyuma ya bomba la uani, kwenye ufa wa matofali, palikuwa na majani yaliyojiotea, vijani vitatu vitatu. Nilichuma kishina kimoja. Nikahesabu mara mbili, nisije nikamletea la bahati. Nikakifunga kwenye karatasi yenye maji, nikakiweka juu ya friji siku nzima kinyauke vizuri. Kisha nikafungua kopo la biskuti alimotunza barua zake, nikatoa bahasha ya mwaka jana na barua yake ndani. Asubuhi ya sikukuu nikamwambia imefika.

Aliketi wima kitandani. Akaipapasa stempu, akanusa karatasi, akapitisha kidole gumba juu ya vijani: kimoja, viwili, vitatu. Nikambandika kifuani. Nikamsomea ile barua ya zamani kana kwamba wino haujakauka. Mvua haijakoma, mbwa wa jirani amezaa tena, goti la kulia ni lilelile, ninakuombea. Mwaka jana kwenye mbwa alicheka. Safari hii hakucheka, na nilipofika kwenye goti nikaisikia sauti ya mama ikisema nimekula, nimeshiba. Niliendelea kusoma mpaka jina la mwandishi. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja, na mpaka leo hilo linanitisha kuliko uongo wenyewe.

Mchana alikunywa supu yote. Nikaosha bakuli, nikaona yamekwisha.

Siku yao mwaka huo iliangukia ndani ya Ramadhani. Jioni nilimtoa barazani kwenye kiti chake, nikaketi pembeni na tende tatu na glasi ya maji. Kuhusu wiski tulishapatana tangu mwanzo: glasi naishika mimi, chupa anaishika mwenyewe, asinitie dhambini. Alikataa kunywa kabla sijafungua saumu, akasema kwao ni utovu wa adabu kunywa mbele ya mtu mwenye kiu. Simu yangu ikaadhini. Nikatia tende mdomoni. Ilikuwa laini, basi.

Akatia kishina chake kwenye glasi, akanywa taratibu hadi mwisho, akakitoa kwa midomo, akatafuna. Akaacha kutafuna. Alitema kiganjani, akakaa na kile kiganja wazi mapajani.

“Hili ni la uani,” alisema. “Wanangu walikuwa wakilila wakitoka shule. Ni chachu hili. La kwetu si chachu.”

Nilikuwa na kokwa ya tende mdomoni, sikujua niiweke wapi.

“Amekufa lini?”

Ningeweza kusema anaendelea vizuri. Maneno hayo nilikuwa nayo tayari, nimeyarithi. Nikamwambia kwamba ni mwezi uliopita, usingizini, kwamba jirani ndiye aliyemkuta na ameshazikwa. Nikamwambia mwanawe aliogopa kwa ajili ya moyo wake. Nikamwambia na barua ni ya mwaka jana. Akasema hilo alilijua tangu niliposoma ya mbwa, ila alitaka kuona nitafika wapi. Nikamshika kifundo cha mkono kama nilivyofundishwa, nikahesabu mapigo. Moyo ule tuliokuwa tukiulinda watu wawili ulikuwa unapiga kama jana.

Hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu yakaingia kwenye mikunjo, nami nikamfuta kama ninavyomfuta supu. Baada ya muda aliuliza kama nilikionja kile kijani kabla ya kumpa, kwa sababu mtu haweki kitu kinywani mwa mwenzake bila kukionja. Nikasema sikukionja. Akapapasa kiganjani pake, akapata kijani kimoja kilichokuwa bado kizima, akaninyooshea.

Nikakitafuna.

“Chachu, sivyo?”

Nikaendelea kutafuna. Nilitafuna kwa bidii, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nikasema sijui, Gogo, sisikii kitu.

Alinigeuzia uso. Akauliza husikii vipi, hata mtoto mchanga angekunja sura. Nikamwambia sisikii ladha yoyote tangu mwezi wa kumi na moja. Teksi zilikuwa zinapigiana honi kule Jules Street, na jirani alikuwa anamwita mbwa wake ndani. Gogo alipapasa ukingo wa kiti mpaka akaupata mkono wangu.

“Nani?” alisema.

Wote walionipa pole walikuwa wanajua kabla yangu. Neno lenyewe nilikuwa sijalitamka kwa mtu hata mmoja, na sasa lilikuwa zito mdomoni kuliko ile kokwa.

“Mama,” nikasema. “Walinificha siku kumi na moja.”

Akatikisa kichwa polepole. Kidole chake gumba kilikuwa kinapita juu ya vidole vyangu, kimoja baada ya kingine, kama kilivyopita asubuhi juu ya vijani.

“Na mimi,” alisema, “ulinificha siku ngapi?”

Nikahesabu tangu asubuhi ile ya vikombe. Nikarudia kuhesabu, nikitumaini nimekosea.

“Ishirini,” nikasema.

Hakuuachia mkono wangu.