Swali la Nane Lililonishinda Moa

Safari hii niliitaka mwenyewe. Dodoso la kupima jinsi watoto wanavyoishi na wenzao nililitafsiri mimi, nikalisifia ofisini mpaka nikaambiwa, haya, nenda ukalijaribu kwa wazazi wa kijiji cha Moa.

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka Makorora, Tanga mjini. Basi lilinishusha njia panda, nikamalizia kwa bodaboda, vumbi likanipaka hadi kope.

Saa nne nilikuwa barazani kwa Mama Riziki, mama mcheshi aliyekuwa akikuna nazi huku akinijibu. Binti yake, Riziki, ana miaka mitano. Tulikwenda vizuri mpaka swali la nane: "Mtoto huomba ruhusa kabla ya kuchukua kitu cha mtu mwingine?"

"Haombi ng'o!" akajibu kwa fahari. "Kwa shangazi yake hapo anaingia, anafunua chungu, anakula."

Nikatia tiki kwenye "Kamwe". Maswali matatu yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyohiyo, nayo yakapata "Kamwe". Nilipojumlisha, alama zilikuwa chini, nikamweleza kwamba jina la Riziki litaingia kwenye orodha ya watoto watakaoitwa mjini kuchunguzwa.

Akaacha kukuna. "Kuchunguzwa? Mwanangu ana nini?" Machozi yakamlengalenga. "Mwalimu, Riziki akiomba ruhusa kwa shangazi yake, wifi yangu ataniuliza yeye kanikosea nini. Kuomba ni kwa watu baki, ati."

Niliona haya. Mimi mwenyewe nimelelewa na mama mdogo, na sikuwahi kumwomba ruhusa ya kufunua chungu. Nilikuwa nimetafsiri maneno, nikasahau nyumba zetu.

"Na kwa watu asiowajua?" nikauliza.

"Huko? Hata maji hanywi mpaka apewe!"

Nikampigia simu msimamizi wangu palepale, nikamwambia kosa ni la maswali yangu, si la mtoto. Alinung'unika, kisha akakubali: maswali yale manne yaondolewe kwenye hesabu ya alama, na Riziki asiandikwe. Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza kama mtoto anaomba ruhusa, nauliza kwanza yuko kwa nani.

Saa tisa, nikijiandaa kurudi, Riziki alitumbukiza mkono kwenye mkoba wangu, akatoa chungwa nililoliweka la njiani, akaketi kulimenya bila kuniuliza. Mama yake alitaka kumkemea, akasita, akaangua kicheko.

"Haya basi, ushakuwa shangazi. Chungwa huna tena."

Nilirudi Tanga na kiu kali, na nilifurahi mno.