Yudith Hapendi Kuulizwa Mara Mbili

Mama yake Yudith huwaambia watu wa Kibakwe kwamba binti yake anabuni mikoba huko Dodoma. Si uongo, ila mikoba yenyewe haishikiki. Imo ndani ya michezo ya kompyuta, na anayeibeba ni kijitu chenye ukubwa wa punje ya mtama, kinachoshuka mapangoni kupigana na mazimwi. Mwaka juzi mke wa mchungaji alituma salamu kwamba angependa mkoba wa rangi ya maziwa, wenye zipu. Yudith akajibu kuwa rangi hiyo imekwisha. Angeweza kueleza, lakini aliona anapoteza maneno.

Kupoteza maneno ndiko alikokuchukia kuliko yote. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema upuuzi. Kompyuta alifundishwa chuoni. Dharau alijifundisha mwenyewe, akafaulu vizuri zaidi.

Aliajiriwa Makole, kwenye kampuni ndogo iliyopanga chumba juu ya duka la mabati. Upepo wa Julai ulipovuma, vumbi lilijaa kwenye kibodi zao, wakawa wanazipuliza kama watu wanaokoka moto. Mwenye kampuni, Jordan, alivaa koti hata jua likiwa la utosi, na neno "mtumiaji" alilitamka kwa upole, kama anayemzungumzia mgonjwa.

Mchezo waliokuwa wakiutengeneza ulikuwa wa aina isiyo na huruma. Mapango hujipanga upya kila unapoanza, na ukifa umekufa: ulichokusanya chote kinapotea, unarudi mwanzo mikono mitupu. Kwa hiyo mkoba ndio roho ya mchezo. Mchezaji anaokota chupa za dawa na za sumu, mienge, mikate, ngao, na zimwi likishafika mlangoni lazima akipate anachokitaka mara moja.

Mkoba wa Yudith ulikuwa mwepesi. Kila kitu kilikuwa na herufi yake. Ukitaka kunywa, unabonyeza herufi ya kunywa, kisha herufi ya chupa, basi. Swali aliliweka mahali pamoja tu, ukingoni mwa shimo la moto: "Je, una uhakika unataka kuruka?" Kwingine kote, aliamini, mtu mzima ana haki ya kukosea.

Ijumaa moja mchana Jordan aliucheza mchezo akafika mbali, mbali kuliko alivyowahi. Halafu akanywa sumu. Akaja mpaka mezani kwa Yudith.

"Mchezo wako umeniua."

"Umejiua, bosi. Chupa imeandikwa sumu."

"Sikusoma."

"Hilo nimeliona."

Jordan akavuta kiti. "Weka swali. Mtu akitaka kunywa, aulizwe kwanza kama ana uhakika. Akitaka kutupa, aulizwe. Kuvaa pia."

"Ukimuuliza mtu kila saa, ataacha kusoma. Kidole kitazoea kujibu chenyewe. Siku swali likija la maana, kidole kitakuwa kimeshajibu."

"Mtumiaji wa kawaida anahitaji kulindwa, Yudith."

"Mtumiaji wa kawaida ndiye wewe?"

Jordan akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayelipa mishahara, akaenda zake.

Yudith akatii. Alitii kwa ukamilifu wa mtu mwenye hasira. Aliweka swali kwenye yote aliyoagizwa, kisha kwenye yale ambayo bosi aliyasahau: kula mkate, kuwasha mwenge, kufungua mkoba, kuufunga. Joha, msichana ambaye kazi yake ilikuwa kucheza kutwa na kutafuta penye kasoro, alicheza nusu asubuhi kisha akalaza kichwa mezani.

"Dada, nimeulizwa kama nina uhakika kwamba nina uhakika. Hii ni hitilafu?"

"Ni agizo."

Yudith alitarajia Jordan aone aibu. Jordan alifurahi. Alisema sasa mchezo una utu.

Baadaye wakaja wageni kutoka Dar es Salaam, watu wa kuangalia kama mchezo unafaa kuingizwa sokoni. Jordan alikodi ukumbi wa hoteli, akaweka sahani za zabibu kila meza, akakaa kucheza yeye mwenyewe mbele ya skrini kubwa. Zimwi likatokea. Akafungua mkoba: ndiyo. Akataka kuvaa ngao, akagusa herufi ya kutupa: ndiyo, ndiyo. Ngao ikaanguka. Akarudi nyuma akibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, hata alipofika ukingoni mwa moto na lile swali moja la Yudith likatokea kwa maandishi mekundu, kidole kilikuwa kimeshajibu. Kijitu kikaruka, kikaungua.

Yudith, aliyesimama nyuma karibu na chupa za chai, alisikia raha ikimshuka kifuani taratibu.

Kisha mgeni mmoja akaanza kucheka, wenzake wakafuata. "Hizi ni ofisi zetu kabisa," alisema akijifuta machozi. "Muhuri juu ya muhuri mpaka mtu anaungua. Nani aliyebuni kejeli hii?"

Jordan akainuka kitini. "Tulikusudia hivyo tangu mwanzo," akasema, na akamnyooshea Yudith mkono.

Mchezo ukatoka na maswali yake yote. Watu wakajirekodi wakibonyeza ndiyo huku wakicheka, wakarushiana video mtandaoni. Waliusifu ucheshi wa mbunifu. Hakuna hata mmoja aliyesema neno kuhusu ule mkoba mwepesi, maana haukuwapo tena. Yudith alizisoma sifa hizo kama mtu anayesoma matusi yaliyoandikwa kwa hati nzuri. Kutukanwa na wajinga alikuzoea. Kusifiwa nao, tena kwa ujinga wa mtu mwingine, kulimshinda.

"Naacha kazi," alimwambia Jordan.

"Sasa hivi, wakati jina lako linang'aa?"

"Ndiyo sababu yenyewe."

Joha alimfuata. Walipata chumba cha uani kwa shangazi yake Joha, huko huko Makole, wakaanza mchezo wao. Yudith alidhani sasa amebaki na mtu mmoja mwenye akili, tena mnyamavu. Haikuchukua muda Joha akamkosoa. Mchezaji akiokota panga jipya, alisema, inabidi alifungue alisome, alifunge, kisha afungue la zamani ndipo ajue lipi kali.

"Akumbuke," Yudith akasema. "Kichwa hakikuwekwa shingoni kiwe pambo."

"Basi kaa wewe ucheze. Mimi nitatazama."

Yudith akakaa, akacheza haraka kwa kujionyesha. Aliokota panga, akalisoma, akalifunga, akafungua jingine, na zimwi lilipokaribia akalishika lile butu kwa kujiamini kabisa. Akafa pale pale. Alisubiri Joha aseme kitu. Joha alikuwa anamenya karanga, hakusema kitu, na ukimya huo ulimchoma Yudith kuliko sifa zote za mtandaoni.

Kesho yake Joha alipofungua mchezo, alikuta mapanga mawili yamepangwa ubavu kwa ubavu, ukali wa kila moja ukionekana bila kubonyeza chochote.

"Nimeyaweka pamoja," Yudith akasema bila kugeuka.

"Nimeona, dada."

"Usiseme neno."

"Sijasema."