Majike Watano wa Njoki

Njoki alipofariki mwezi wa pili, aliacha sungura majike watano kwenye vizimba vya mbao nyuma ya nyumba yao ya mtaa wa Komarock. Mumewe, Mureithi, hakuwahi kuwashughulikia. Alichojua ni kuwahurumia tu.

Miaka yote waliyofuga, huruma hiyo ndiyo iliyowagombanisha. Kila Jumamosi Njoki alimtoa jike mmoja mmoja, akampitishia vidole mgongoni na mbavuni, akamtia kikapuni na kumpima kwa mizani ya kuning'iniza, kisha akaandika kilo zake kwa chaki mlangoni mwa kizimba. Aliyenenepa alipunguziwa chakula cha punje cha dukani, akaachiwa nyasi kavu tele. Mureithi, aliyestaafu kazi ya kiwanda cha mabati na kukosa la kufanya mchana kutwa, aliwaona wakikwaruza bakuli tupu, roho ikamuuma.

"Mama Tiffany, mbona unawanyima chakula? Kwani tumekosa?"

"Hatujakosa. Nikiwajaza hivyo hawatashika mimba."

"Wewe ni mchoyo tu."

Alimwambia hivyo mara nyingi, wakati mwingine mbele ya wageni. Jumapili Njoki akitangulia kanisani, Mureithi alichelewa kidogo ili awapelekee sungura mabaki ya chapati.

Baada ya mazishi, binti yao Tiffany alirudi kazini Nakuru, na nyumba ikamshinda mzee. Kila asubuhi alijaza bakuli mpaka zikamwagika, jioni akazijaza tena na kuongeza mahindi yaliyopondwa. Alisimama akiwatazama wakitafuna, na hapo tu ndipo kifua chake kilipolegea kidogo. Mizani ilibaki msumarini. Mvua ya Aprili ikafuta chaki.

Mwezi wa sita aliwapeleka kwa dume la Mukhwana, jirani wa nyumba ya tatu ambaye naye alifuga. Wawili walikataa dume kabisa. Wawili walimkubali, lakini siku zikapita bila dalili. Aliyeshika ni Kijivu peke yake, yule ambaye Njoki alimpenda kuliko wote.

Zilipobaki siku kama nane Kijivu azae, Mukhwana alikuja kuwaangalia wale wengine. Alimshika mmoja, akambonyeza mgongoni, kisha akambonyeza tena.

"Mzee, uti wa mgongo siupati. Hapa ningepaswa kuhisi vifundo vya mfupa chini ya nyama, lakini ni mafuta matupu. Na tazama huu mkunjo chini ya kidevu, umekuwa kama mto wa kulalia. Ndiyo maana hawashiki. Wapunguzie chakula."

Mureithi aliitikia kwa kichwa. Maneno hayo alikuwa ameyasikia miaka mingi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na alikuwa ameyajibu kwa matusi. Mukhwana alipoondoka tu, aliondoa bakuli zote tano kwa hasira, hasira ya kujichukia, akawatupia kila mmoja konzi moja ya nyasi. Hata Kijivu.

Siku ya tatu Kijivu aliacha kugusa hata zile nyasi. Siku ya nne alikuwa amejikunyata pembeni, akihema haraka haraka. Mureithi alimletea punje, akamletea karoti, akapiga magoti na kumbembeleza. Kijivu aligeuza uso.

Kate, daktari wa mifugo wa mtaani, alifika mchana.

"Ulibadilisha nini, mzee?"

"Niliwaondolea chakula."

"Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja."

Kate alishusha pumzi. "Jike mnene mwenye mimba hanyimwi chakula ghafla. Mwili unakimbilia mafuta yake, ini linazidiwa, damu inaingia sumu. Unapunguza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, kabla hajapandishwa." Alimnywesha maji ya glukosi kwa bomba la sindano, akamdunga dawa, lakini hakuahidi kitu.

Kijivu alikufa kesho yake saa sita mchana, mapajani mwa Mureithi. Kichwa kilipokwisha kulegea, mzee alihisi kitu kikisukuma ndani ya tumbo lile, mara mbili, kisha kimya. Alikaa na mkono wake hapo muda mrefu, akingoja.

Tiffany alipopiga simu jioni, Mureithi alimweleza yote. "Nilikuwa nikimwita mama yako mchoyo," alisema.

"Baba, zile chapati alizijua. Kila Jumapili jioni aliwapunguzia punje ili mambo yasiharibike. Aliniambia nisikuambie, kwa sababu zilikuwa zinakufurahisha."

Mureithi aliweka simu kitandani ikiwa bado inaongea.

Wanne waliobaki aliwatunza kama Kate alivyomfundisha, akipunguza punje kidogo kila wiki na kuwaachia nyasi kavu bila kipimo. Vidole vyake vilichukua miezi kujifunza mgongo ulio sawa. Wawili hawakushika mimba tena, na Mukhwana akaja kuwachukua kwa ajili ya nyama. Mureithi alijifungia ndani mpaka alipoondoka. Wa tatu alishika mimba, ikaharibika. Wa nne alizaa mwezi wa kumi na moja watoto sita. Watatu walikuwa tayari wamekufa kwenye sanduku la kuzalia. Mureithi aliwatoa hao kwa mkono mmoja, akawafunika walio hai kwa manyoya ya mama yao, akaenda kutafuta jembe la kuzikia.