Ghati Alivyosomea Magotini pa Bibi Yake

Mume wangu, Nikodemo Waitara, alikuwa karani wa kupima pamba hapa Kenyamonta, na hadi anafariki hakuna mkulima aliyewahi kulalamikia mizani yake. Jina hilo ndilo alilotuachia. Kwa hiyo mwaka 1975, kijiji kiliponiomba nifundishe kisomo cha watu wazima kwa kuwa nilisoma hadi darasa la kumi, nilijua darasa langu litatazamwa kwa macho yale yale.

Tulisomea kanisani, alasiri, watu wakitoka mashambani. Aliyenipa fahari kuliko wote ni mama mkwe wangu, Waisiko. Alikaa benchi la mbele, kitabu cha kilimo cha pamba mapajani, na binti yangu Ghati, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka mitano, akikaa sakafuni mbele yake, kidevu kwenye magoti ya bibi. Mama mkwe alisoma polepole lakini hakukosea. Shemeji yangu Heche, aliyekuwa bado anababaika na herufi, alimtania mama yake kwamba amekula kitabu. Akajibiwa aendelee kuhesabu meno ya ng'ombe.

Wiki moja kabla ya mtihani wa kisomo Ghati alishikwa na homa akabaki kwa jirani. Siku hiyo mama mkwe alifungua kitabu akanyamaza. Akasema macho yanamwuma. Ghati alipopona, macho nayo yakapona. Nikasogea karibu, nikijifanya nafuta ubao, nikasikia: mtoto ananong'ona neno, bibi analipaza. Kitabu kilimwelekea bibi. Kwa Ghati kilikuwa kichwa chini.

Tulipofika nyumbani nilimpa Ghati kitabu kikiwa sawasawa. Akakigeuza kichwa chini, akaweka kidole.

"Ng'oa masalia ya pamba uyachome moto," akasoma.

Nikamfungulia ukurasa ambao darasani hatujaufikia. Akausoma pia, akikwama kwenye maneno marefu tu. Mimi sikuwa nimemfundisha hata herufi moja. Nilimtazama, nikaliona paji la uso la baba yake, na nilitamani kuita majirani wote waje waone.

Lakini mtihani ulikuwa kesho kutwa. Nilimweleza mama mkwe kwa heshima kwamba siku hiyo Ghati hataingia kanisani.

"Unataka nikaaibike mbele ya Heche?"

"Mama, watasema mji wa Nikodemo umefaulu kwa kuibia."

Akainuka akaenda zake. Ugali wangu hakuugusa, na kesho yake yote alipita mlangoni kwangu kama hanioni.

Mtahini alitoka Mugumu, Mwalimu Nashoni, mtu mpole mwenye miwani. Watu walikuwa wameshakaa mama mkwe alipoingia amemshika Ghati mkono. Mbele ya kanisa zima nisingeweza kumzuia mama wa mume wangu.

Zamu yake ilipofika, Nashoni alimwamkia shikamoo, akampa karatasi ya kusoma. Mama mkwe akairudisha.

"Mwanangu, mimi nazijua herufi za jina langu na nyingine chache," akasema. "Msomaji ni huyu mke mwenzangu. Mpe yeye."

"Huyo juzi tu alikuwa ananyonya," Heche akasema kutoka nyuma.

Labda kwa kumheshimu mzee, Nashoni akampa Ghati karatasi. Ghati akaigeuza kichwa chini, na kanisa likaangua kicheko. Mtahini akanyoosha mkono aiweke sawa, lakini mama mkwe akauzuia.

"Mwache. Ndivyo alivyoyakuta maneno."

Ghati akasoma habari za kunyunyizia pamba dawa, mstari kwa mstari, kwa sauti ile ile ya kumnong'onezea bibi, hata watu wakalazimika kunyamaza ili wamsikie. Aliposhusha karatasi, hakuna aliyekuwa anacheka.

Nashoni alimwandika mama mkwe kuwa hajafaulu. Kisha akawaambia watu kwamba katika vijiji vyote alivyopita, hajaona mtu aliyezikataa alama namna ile. Mama mkwe akamwuliza kama karatasi zake zina mahali pa kuandika wajukuu. Hazikuwa napo.

"Basi andika pembeni," akasema. "Ghati, binti Nikodemo Waitara, wa Kenyamonta."

Alisimama pale pale hadi Nashoni alipomaliza kuandika, kisha akaniambia nimwonyeshe ni wapi palipoandikwa Nikodemo.