Dobi wa Shubra aliyeona haya kutaja mshahara wake

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Wagih Shenuda ana mashati manne ya kupiga pasi na simu ambayo haitaki kulia. Ameiweka kwenye rafu karibu na mkebe wa wanga, na kila baada ya dakika mbili anaichungulia kama mtu aliyebandika maziwa jikoni.

Mashati yote manne ni ya watu wanaokwenda kwenye usaili. Mtaa huu wa Shubra, jijini Cairo, una ofisi tatu za kuajiri, na kwa miaka ishirini na sita watafuta kazi wamepita kibandani kwa Wagih kunyooshewa nguo kabla ya kupanda ngazi. Wakishuka hupita tena kumsimulia yaliyowakuta. Ndivyo dobi huyu, ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu, alivyozijua siri za waajiri kuliko wengi wanaokalia viti vya kuzunguka.

"Wanapokea barua mia mbili," anasema huku akigeuza kola. "Wasikudanganye, hawazisomi zote. Kwanza wanatupa zilizokosa cheti cha polisi. Halafu wanatupa zilizoandikwa 'mimi ni mchapakazi'. Sasa nani atajiandika kuwa ni mvivu? Andika ulichofanya, na ulikifanya mara ngapi. Hapo wanabaki watu kumi na wawili, hao ndio wanaoitwa."

"Na mjomba mwenye cheo akipiga simu huko ndani kuniombea?" anauliza Dalia, binti wa miaka ishirini na mitatu anayesubiri blauzi yake.

"Akipiga watakuita. Maswali utayajibu mwenyewe."

"Haya, mshauri wetu. Mbona yako yalikushinda, Ami Wagih?"

Kibanda kizima kinacheka, na anayecheka zaidi ni Wagih mwenyewe. Mimi, mwandishi niliyekuja kumhoji, nilikuwa sijui kinachochekwa, ikabidi nisimuliwe.

Jengo lenye kibanda chake limeuzwa, na mwisho wa Juni anatakiwa awe ameondoka. Ana miaka hamsini na mmoja. Akishalipa umeme, kibanda humbakishia pauni elfu saba kwa mwezi, na bima hana. Nyumbani, ghorofa ya tano, mkewe Mama Mina ana goti lililoharibika na daktari amesema bila upasuaji halitapona. Tangu Januari mama huyo hajashuka ngazi.

Basi hoteli moja ya kando ya Nile ilipotangaza kazi ya msimamizi wa chumba cha pasi, yenye bima ya mtu na mkewe, Wagih akaomba. Dalia ndiye aliyemchapia wasifu.

"Nilimuuliza uzoefu wake, akaniambia, 'Pasi.' Basi!" anasema Dalia. "Ikabidi tukae kuhesabu nguo. Sitini kwa siku, miaka ishirini na sita. Tulipofika nusu milioni akaanza kuumwa mgongo."

Akaitwa, Jumapili iliyopita. Jaribio la pasi alilipita vizuri mno, hata koti la mpishi mkuu alilirudisha likisimama lenyewe. Kisha Bi Inas, mkuu wa kuajiri, akamuuliza anataka mshahara kiasi gani.

Hapa Shubra, ukimuuliza muuzaji bei, kwanza atakwambia, "Acha tu, leo ni juu yangu." Hamaanishi, nawe hupaswi kuamini. Unasisitiza, anakataa, unasisitiza tena, ndipo anataja.

"Ulimi ulinitangulia," anasema Wagih. "Nikasema, 'Aa, sisi ni ndugu, acheni tu.' Pembeni yake kuna kijana karudi juzi kutoka ng'ambo. Akaandika sifuri. Niliiona kwa macho yangu, jasho likanitoka."

Bi Inas, mwenyeji wa Cairo, akasisitiza. Wagih akajibu, "Mtakavyoona ninyi." Alipomuuliza mara ya tatu, Wagih akasema elfu kumi na moja, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Dalia amekwisha kuulizia: hoteli za jirani huilipa kazi hiyo elfu kumi na tatu.

"Na yeye ndiye aliyenifundisha," Dalia analalamika. "Ulizia kwanza kazi inalipa nini, taja kiasi chako, halafu nyamaza."

Saa tatu na dakika ishirini simu inalia. Wagih anasimamisha pasi na kuipokea, na kwa papara anabonyeza spika, kwa hiyo sote tunasikia.

"Fundi Wagih, tumekuchagua wewe," anasema Bi Inas. "Tuandike elfu kumi na moja, sivyo?"

Wagih anajifuta uso kwa shati la mteja.

"Mungu akuweke, Bi Inas. Kumi na moja niliitaja kwa haya. Kazi hii ni ya elfu kumi na tatu."

Upande wa pili kimya. Mdomo wa Wagih unafunguka kuomba radhi, Dalia anamtolea macho, unafungika tena. Hata mimi nimeshika kalamu bila kuandika.

"Kumi na mbili na nusu," anasema Bi Inas. "Na bima ya mkeo inaanza siku ya kwanza."

"Nimekubali."

Vijana wanamrukia, mmoja anauliza shati lake litapigwa pasi na nani. Wagih anavua aproni. Namuuliza kwa nini asimpigie mkewe simu hapo hapo, naye ameshafika mlangoni.

"Habari kama hii haisemwi kwa simu," anasema. "Tarehe mosi Julai naanza kazi, tarehe mbili nampeleka hospitali. Nataka siku moja Mama Mina ashuke zile ghorofa tano kwa miguu yake mwenyewe, aje mpaka hotelini kunidai chakula cha mchana."